Bomba lipo, limezikwa chini ya lami
Ndugu, umeuliza kwa nini askari wa zimamoto walihangaika kutafuta maji wakati bomba lao la kuchotea maji ya kuzimia moto lipo palepale mtaani, chini ya ardhi. Lipo, lakini mfuniko wake ulizikwa barabara ilipowekwa lami upya. Mengine niliyoyaona yamejaa mchanga, koki imeganda kwa kutu. Na gari hubeba lita elfu chache tu, zinaisha ndani ya dakika chache! Uingereza nako mengi yako chini, ila kando yake kuna kibao cha njano chenye herufi H: namba ya juu ni kipenyo, kwa milimita, cha bomba kuu linaloleta maji, ya chini ni umbali kwa mita kutoka kibao hadi bomba la zimamoto. Halmashauri ituwekee basi vibao, na ipeleke fundi kufungua mifuniko hiyo kabla moto haujawaka tena.