Kuwapeleka viongozi Tanga kusoma vita vya Novemba 1914: namna ya kufanya safari iwe darasa

Swali lilikuwa hili: mtu ana mameneja kumi na wawili wa ngazi ya kati, anataka kuwapeleka kwenye uwanja wa vita wajifunze uongozi, lakini anahofia safari isije ikaishia kwenye picha na chakula cha mchana. Aende wapi, na aifanyeje?

Aende Tanga, ambako Waingereza walijaribu kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kutoka Ras Kazone, waliposhuka askari wa Uingereza, hadi mjini ni kama kilomita tatu, kwa hiyo uwanja wote unatembeka kwa miguu kati ya asubuhi na jioni. Tena mambo yote yalianza na kwisha kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914. Ni vita vichache ambavyo kundi linaweza kuvifuata saa kwa saa bila kupotea.

Maandalizi yaanze wiki tatu kabla. Kila mshiriki apewe mhusika mmoja na kadi yake, kwa mfano: Jenerali Aitken aliyeongoza jeshi la Uingereza, Kapteni Caulfeild wa manowari ya Fox, Brigedia Tighe aliyekuwa chini ya Aitken, von Lettow-Vorbeck aliyeongoza jeshi la Wajerumani, Gavana Schnee wa koloni la Wajerumani, Auracher aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, askari mweusi wa kombania ya Kijerumani, sepoy (askari wa Kihindi wa jeshi la Uingereza), mpagazi. Upande mmoja wa kadi uandikwe mhusika huyo alijua nini saa ile. Upande wa pili uandikwe alitakiwa kuamua nini. Matokeo yasiandikwe popote. Hapa ndipo waandaaji wengi huharibu. Wanagawa muhtasari wenye hadithi nzima, watu wanafika wakijua Mwingereza alishindwa, na siku nzima inakwenda kwa kumcheka Aitken. Anayemcheka hajifunzi lolote, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kujiona akifanya kosa lile.

Kituo cha kwanza kiwe ufukweni Ras Kazone, asubuhi mapema. Angalieni jedwali la kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kupanga saa, kwani maji yakiwa yamejaa hamtaona umbali ambao askari wenye mizigo walilazimika kuukata majini. Hapo elezeni hali: Aitken ametoka Bombay katikati ya Oktoba na watu wapatao 8,000 waliokusanywa kwa haraka, baadhi yao wamepewa bunduki za aina mpya karibu na siku ya kupanda meli. Wamekaa majini majuma mawili na zaidi. Tanga yenyewe, asubuhi ya tarehe 2, ina kombania moja na askari polisi wachache.

Sasa mpeni nafasi mwenye kadi ya Caulfeild. Mwezi Agosti wanamaji wa Uingereza walikuwa wamepatana na Wajerumani kuhusu miji ya pwani kutopigwa. Serikali yake haikuyakubali mapatano hayo, lakini yeye anaona heshima inamtaka atoe taarifa kabla ya kupiga. Anaingia bandarini, anamwita Auracher, anampa saa moja ausalimishe mji. Auracher anarudi nchi kavu, anavaa sare yake ya jeshi la akiba, anajiunga na wapiganaji. Caulfeild ana wasiwasi pia kwamba bandari imetegwa mabomu, kwa hiyo muda unaliwa na kuyasaka. Hayakuwepo. Muulize mwenye kadi: ungefanyaje, wewe ambaye meli ikizama ni jina lako? Mwache ajibu kabla ya wengine kuingilia. Mara nyingi atatetea uamuzi ule ule, na hapo ndipo kundi linaanza kuelewa kwamba kosa la Tanga halikutokana na upumbavu. Mkuu wa meli alilinda meli, mkuu wa jeshi alisubiri meli, na hakuna hata mmoja aliyepewa kazi ya kulinda muda.

Tighe alishuka usiku ule na vikosi viwili vya Kihindi, Rajputs wa 13 na Pioneers wa 61, akashambulia alfajiri ya tarehe 3, akarudishwa nyuma. Siku yote iliyobaki ikaenda kwa kushusha wengine. Shambulio kubwa likaanza tarehe 4 karibu saa sita mchana. Kwa hiyo nanyi tembeeni kwenda mjini saa sita. Msipande basi. Kila mtu awe na lita mbili za maji na kofia, na asiyejiweza kiafya atangulie kwa gari. Baada ya dakika thelathini kwenye joto la Novemba hakuna atakayehitaji kuelezwa kwa nini safu zilikatika vichakani na mashambani. Leo vichaka vimegeuka nyumba na barabara, basi mwongozaji abebe ramani ya wakati ule iliyochapwa kubwa, angalau ukubwa wa A2, aielekeze kaskazini kila mnaposimama.

Nyuki wapewe dakika tano tu. Ni kweli waliwashambulia askari, na Waingereza wenyewe huviita vita vya nyuki. Ila ukiwaachia nafasi watakula mada yote, na kundi litaondoka likiamini Aitken aliponzwa na wadudu. Aliponzwa na kutotuma doria mbele, kuacha ubavu wa kushoto wazi, na kuiacha betri ya mizinga ya milimani ifyatue kutoka sitahani badala ya kuishusha.

Kituo cha pili ni upande wa reli, mashariki ya mji wa zamani. Reli ya Usambara, karibu kilomita 350 kutoka Moshi, ndiyo iliyoleta kombania za Lettow wakati Caulfeild akitafuta mabomu. Lettow mwenyewe alifika usiku wa tarehe 3, akaingia mjini kwa baiskeli kuona kwa macho yake mji ulivyo na meli zilipo. Asubuhi alijua kitu ambacho Aitken hakukijua: ardhi. Akapanga mstari mwembamba mbele ya mji, akaficha nguvu nyuma ya ubavu wake wa kulia, na jioni ilipokaribia akaiachia igonge ule ubavu wa Waingereza uliokuwa wazi. Grenadiers wa 101, kikosi kingine cha Kihindi, ndio walioumia vibaya pale.

Mkiwa hapo mwenye kadi ya Schnee naye aseme. Gavana hakutaka bandari zipiganiwe. Lettow alipigana kinyume cha matakwa ya mkuu wake wa kiraia, akiwa na watu wapatao elfu moja mbele ya elfu nane. Msikubali kundi limsifu kwa kuwa tu alishinda. Waulize: meneja wako akikuasi hivi na akafanikiwa, utamfanyia nini wiki ijayo?

Kituo cha tatu ndicho cha kukaa muda mrefu zaidi, na hushangaa kuona wengi wanakiruka. Usiku wa kuamkia tarehe 5, kwa amri iliyoeleweka vibaya, kombania za Kijerumani zilirudi kambini magharibi ya mji. Tanga ikabaki karibu tupu. Mshindi alikuwa ameuacha mji bila kukusudia, na aliyeshindwa, aliyekuwa kilomita chache tu, hakujua kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia. Aitken akaamuru watu warudi melini. Waliacha mashine za rashasha, bunduki za kutosha kombania tatu na risasi zipatazo 600,000 kwa hesabu ya Lettow. Tengeni saa nzima hapa. Kila mtu aandike kimya kimya: katika idara yangu, habari kama hii ingenifikia kwa njia gani, na baada ya muda gani?

Kuhusu vyanzo, shajara za Meinertzhagen, ofisa upelelezi wa Aitken, zina maneno matamu sana, lakini sehemu zake zimethibitika kuwa za kubuni. Msimtumie kama shahidi peke yake. Kumbukumbu za Lettow nazo zinamkuza Lettow.

Ombeni ruhusa mapema kwa maandishi, hasa Hospitali ya Bombo, bandarini na maeneo ya reli, na msipige picha bandarini bila kibali. Makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani yanafaa kwa mapumziko ya mchana na maswali ya ramani.

Malizeni makaburini, jua likipungua. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliokufa na waliojeruhiwa. Wajerumani hawakufika 150, na wengi wao walikuwa askari Waafrika. Hapo mwenye kadi ya mpagazi, ambaye siku nzima hakuulizwa uamuzi wowote, apewe neno la mwisho. Ushindi wa Tanga ulifungua miaka minne ya vita ambamo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps. Mshiriki huyo aulizwe jambo moja tu: kati ya viongozi wote waliosikika leo, ni yupi aliyekuhesabu alipokuwa akipanga?