Mkataba wa zahanati ni siri ya nani?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Pwani ya Kenya. Zahanati ya kijiji chetu ilitengewa shilingi milioni 8 kwenye bajeti ya kaunti ya 2022/2023. Msingi ulichimbwa, kuta zikafika usawa wa madirisha, kisha mkandarasi hakuonekana tena. Sasa nimeiona tena bajetini, imetengewa milioni 5. Nilikwenda ofisi ya wadi kuuliza pesa za kwanza zilikwenda wapi, nikaambiwa mkataba ni siri baina ya kaunti na mkandarasi. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, si kweli. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kifungu cha 5, inaitaka taasisi ya umma ikishatia saini mkataba itangaze yenyewe, bila kuombwa, kazi inayofanywa, jumla ya pesa, jina la mkandarasi na muda wa kumaliza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 nayo, kifungu cha 138, inadai zabuni zilizotolewa zibandikwe kwenye mbao za matangazo na kwenye tovuti. Kwa hiyo hayo uliyonyimwa yalipaswa kuwa ukutani kabla hujafunga safari.

Siri ipo, lakini ni nyembamba. Sheria ya ununuzi inalinda jinsi zabuni zilivyopimwa na yaliyomo ndani ya zabuni za washindani. Ukiomba bei za walioshindwa, wana sababu ya kukukatalia. Usiombe hizo, hazikusaidii kitu. Ile sheria ya habari nayo ina kifungu cha 6 kinacholinda usalama wa taifa, faragha za watu na maslahi ya kibiashara, ila kifungu hichohicho kinataja usimamizi mzuri wa matumizi ya fedha za umma kuwa miongoni mwa mambo ya kutazamwa pale maslahi ya umma yanapopimwa dhidi ya usiri. Mwezi Mei 2022, Mahakama Kuu ya Mombasa iliiamuru serikali kutoa mikataba ya reli ya kisasa (SGR) kwa wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, ijapokuwa serikali ilikuwa imejikinga kwa vipengele vya usiri vilivyomo ndani ya mikataba hiyo. Ikiwa reli ya mabilioni haikufichika, zahanati itafichwa kwa hoja gani?

Sasa nikukosoe kidogo. Swali lako la “pesa zilikwenda wapi” ni la haki, lakini ofisini halina jibu. Nimefanya kazi upande ule wa meza miaka kadhaa, na barua ya namna hiyo hujibiwa kwa aya mbili za “mradi unaendelea kushughulikiwa”, faili likafungwa. Sheria hii inakupa karatasi, haikupi maelezo. Basi taja karatasi kwa majina yake. Andika hivi:

“Naomba nakala za: mkataba uliotiwa saini wa ujenzi wa zahanati ya (jina, kijiji na wadi); BQ (Bill of Quantities) ya mkataba huo; vyeti vyote vya malipo vilivyoidhinishwa hadi leo; na vocha za malipo yote yaliyofanywa kwa mkandarasi.”

Katika hizo nne, kiini ni cheti cha malipo. Mkandarasi hapewi pesa kwa sababu ameomba tu. Mhandisi au mkadiriaji majenzi wa serikali huenda kwenye eneo la ujenzi, akapima kazi, akatia saini kwamba kazi iliyofanyika ina thamani kadhaa. Cheti ndicho hicho, na BQ ndiyo orodha ya kila kitu kilichokubaliwa, mawe, saruji, mabati, pamoja na kiasi na bei yake. Ukiviweka viwili hivi pamoja, utajua kama mtu alithibitisha paa wakati hata linta, ile boriti ya zege juu ya madirisha, haijamwagwa. Ukiona hivyo, una jina na saini ya mtu, nawe huna tena haja ya kuuliza kwa ujumla.

Lakini jiandae na uwezekano wa pili, ambao wananchi huusahau. Huenda mkandarasi hakutoroka. Huenda alipeleka cheti, kaunti haikulipa, akaondoa mafundi wake. Kaunti zetu nyingi zina madeni ya wakandarasi ya miaka na miaka. Hapo hiyo milioni 5 ya sasa inaweza kuwa ya kulipa deni la ukuta uliopo, wala hakuna tofali jipya litakaloongezwa. Tazama maneno ya bajeti yenyewe: yamesema “ujenzi”, “kukamilisha”, au “malipo ya deni”? Tofauti ni kubwa.

Barua iandike kwa Katibu wa Kaunti, nakala kwa Afisa Mkuu wa Idara ya Afya. Ukikosea ofisi usihofu, kwa kuwa anayeipokea ana siku 5 za kuihamishia panapohusika. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Sheria inakitaja kwa jina sambamba na Kiingereza, na asiyeweza kuandika anaweza kuomba kwa mdomo, afisa akamwandikia. Hulazimiki kueleza sababu ya kuomba. Haki hii ni ya raia, kwa hiyo weka jina lako na nambari ya kitambulisho. Kuomba ni bure, na gharama utakayodaiwa ni ya kutoa na kukufikishia nakala tu. Usiondoke bila muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye nakala yako, maana hesabu ya siku inaanzia hapo.

Wana siku 21. Wanaweza kujiongezea 14, mara moja tu. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe una siku 30 za kuomba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana zaidi kama Ombudsman. Tume ina uwezo wa kuwaita maafisa na kuamuru karatasi zitolewe, na asiyeridhika na amri yake hukata rufaa Mahakama Kuu. Afisa anayekataa kupokea ombi au kupitisha muda anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi mitatu. Kwa maoni yangu faini hiyo ni ndogo mno kwa mtu anayelinda mamilioni, na ndiyo maana mimi hutegemea zaidi amri ya Tume kuliko vitisho vya adhabu.

Wakati unasubiri, pakua ripoti za Msimamizi wa Bajeti, hutoka kila robo mwaka kwa kila kaunti, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yako. Ya kwanza itakuonyesha idara ya afya ilitumia kiasi gani kwa maendeleo, ingawa mara nyingi haishuki hadi mradi mmoja mmoja. Ya pili ndiyo mara nyingi huitaja miradi iliyokwama, mradi kwa mradi. Ukiikuta zahanati yenu humo, iongeze kwenye barua pamoja na ukurasa.

Na BQ ikifika mkononi, usiisome peke yako. Mwite fundi mwashi wa hapohapo kijijini, mkae mbele ya ule ukuta na futi kamba, mpime mstari kwa mstari.