Jibu: Anayehoji kikaoni anatupwa zamu ya usiku

Salaam ndugu. Unasema hapo ghalani Jinja kila anayehoji hesabu kikaoni huhamishiwa zamu ya usiku, na sasa wote mmenyamaza. Unauliza uache kazi?

Usiache kwanza. Tazama ni nani anayepandishwa cheo baada ya kila tukio. Nilikofanya kazi Kampala, ukali wa meneja tuliuzoea. Kilichotumaliza ni waliowachongea wenzao kupewa usimamizi. Tangu hapo mzigo ukipungua, karatasi zinaandikwa umetimia. Nani angesema? Wenye ujuzi wakaondoka mmoja mmoja, wakabaki wapambe na mabubu.

Soma mkataba wako kuhusu zamu, maana sijui unasemaje. Kila uhamisho omba uandikwe, hata kwa WhatsApp, na nakala zikae nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi. Kisha nendeni wawili watatu kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mtu peke yake huitwa mkorofi. Wakikufukuza, Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa miezi 3 kupeleka malalamiko kwa afisa huyo. Ukijiuzulu kwa hasira, shauri linakuwa gumu zaidi.

Ofisa utumishi? Kama ni mtu wa meneja, usimwonyeshe hizo nakala.