Hemu ya asali kwenye sufuria ya umeme: asali isubiri mwisho

Krismasi ya kwanza niliyopika hemu, yaani paja la nguruwe la chumvi, hapa Tabora, mama mkwe alikula vipande viwili, akanywa maji bilauri tatu, asiseme neno. Jioni tulipokuwa tunaosha vyombo ndipo akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ulilionja paja hili kabla hujaliweka motoni?" Sikulionja. Nilikuwa nimemimina nusu chupa ya asali ya Sikonge tangu asubuhi, nikafunika, nikaenda kanisani nikiamini utamu utaingia wenyewe. Nilikuta nyama imepauka, ina chumvi kali, inaogelea kwenye maji ambayo hata harufu ya asali hayakuwa nayo.

Tangu hapo nimeipika kila Krismasi na kila Pasaka kwenye sufuria ileile ya umeme ya kupika polepole. Mwaka huu wifi zangu wawili nao wamenunua sufuria hizo, na maswali yao ni yaleyale niliyokuwa nayo mimi.

Kwanza nyama yenyewe. Hemu si kitimoto cha bucha. Ni paja la nguruwe lililolazwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi, pamoja na chumvi maalumu inayoibakiza nyama na rangi ya waridi hata ikiiva, na mara nyingi hupitishwa kwenye moshi. Mimi hutumiwa na kaka yangu kutoka Arusha, inakuja na basi ndani ya deli lenye barafu. Ukiipata, soma maandishi ya pakiti kabla ya yote: iko iliyokwisha kupikwa kiwandani, na iko mbichi. Iliyopikwa unaipasha moto tu bila kuikausha. Mbichi lazima iive. Kama ulicho nacho ni paja bichi la bucha, lipike, litakuwa tamu, ila likiiva litakuwa la kijivu na ladha yake ni nyingine. Tafadhali usinunue zile chumvi za kuhifadhia nyama ukakisia vipimo jikoni, maana zikizidi ni sumu.

Sasa chumvi, iliyoniaibisha mbele ya mama mkwe. Kata kipande chembamba kutoka pembeni, kikaange kidogo, onja. Ukiona ulimi unauma, loweka paja zima kwenye maji baridi usiku kucha, ndani ya friji, ubadilishe maji mara moja au mbili. Sufuria ya polepole haipunguzi chumvi. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko, unarudi chini, kwa hiyo kilichoingia humo kinabaki humo.

Kwa sababu hiyohiyo asali ya asubuhi ni asali iliyopotea. Ndani ya sufuria hiyo kuna unyevu mwingi, na nyama hutoa maji yake kwa saa zote hizo. Asali inayeyuka na kuchanganyika na maji ya chumvi, harufu yake inatoka, na juu ya nyama hakibaki kitu cha kung'aa. Ule mng'ao wa kahawia unahitaji moto mkavu. Asali ina sukari ya matunda kwa wingi, nayo huanza kugeuka rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi, wakati sukari ya kawaida hungoja mpaka 160. Kwa hiyo kwenye unyevu haitageuka hata ukingoja siku nzima, na kwenye moto mkavu itageuka ghafla ukiwa umegeuza uso. Zote mbili zimenitokea.

Sisi wa Tabora hatuna kisingizio kwenye asali. Ya miyombo, ile nyeusi nyeusi inayotoka Sikonge, Uyui na Urambo, wakati mwingine hubaki na harufu ya moshi wa warinaji. Kwenye chai wengine hawaipendi, kwenye hemu inakaa mahali pake kabisa, kwa kuwa nyama yenyewe ina moshi. Asali ya nyuki wadogo usiipike. Ni nyepesi, ina uchachu, bei yake inauma, na haishiki juu ya nyama. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ile iliyopikwa.

Siku ya kupika, mimi huweka paja la kilo 3 lenye mfupa kwenye sufuria ya lita 6, upande uliokatwa ukitazama chini. Naongeza kikombe kimoja cha maji, kitunguu kilichokatwa mara nne, karafuu sita na jani la mdalasini. Basi. Chumvi usiitie. Nyama isiwe na barafu ndani, maana ya barafu hukaa saa nyingi kwenye uvuguvugu ambao vijidudu huupenda. Weka moto mdogo. Iliyokwisha kupikwa huchukua saa 5 hadi 6, na mbichi ya uzito huo saa 7 hadi 8. Usifunuefunue: kila ukifunua unapoteza joto ambalo sufuria italitafuta tena kwa dakika 20 au 30. Nilipoona watoto wanapokezana kuchungulia, niliihamishia chumbani.

Nunua kipimajoto cha nyama. Kichomeke penye unene, kisiguse mfupa. Iliyopikwa kiwandani, ikiwa pakiti ilikuwa haijafunguliwa, ifike nyuzi 60. Mbichi ifike angalau 63, kisha ipumzike dakika tatu, ingawa kwenye sufuria hii mimi huiacha ipande zaidi ili ilainike. Iliyopikwa ambayo umekatiwa dukani kutoka paja kubwa ifikishe 74, kwa kuwa imeshapita kwenye kisu na mikono.

Wifi mmoja aliniuliza kuhusu nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula nyama, na sufuria inayopanda joto polepole hukipa muda mrefu wa kufanya kazi hiyo. Nje ya nyama panakuwa kama uji. Ukilitaka, chemsha juisi yake kwanza, au tumia la kopo ambalo limeshapitia moto. Desemba hapa mjini maembe yanaanguka barabarani, nami hutumia embe. Halijanipa shida hiyo.

Umeme ukikatika nawe upo nyumbani, usikae ukingoja urudi. Washa jiko la mkaa, hamishia nyama na maji yake kwenye sufuria ya kawaida, endelea. Ukirudi ukakuta saa ya umeme inawakawaka na hujui ulikatika kwa muda gani, itupe. Najua bei ya hemu, najua na safari yake kutoka Arusha, na bado nasema itupe. Kuhusu matumizi, sufuria yangu ina wati 240. Kwa saa 6 haiwezi kula zaidi ya uniti moja na nusu.

Tukifika kwenye asali, itoe nyama, iweke kwenye sinia, ikaukie kidogo. Kwa kisu kikali chora mafuta ya juu mistari ya kupishana, usifike kwenye nyama. Kwenye kisufuria kidogo weka vijiko 6 vya chakula vya asali, vijiko 2 vya ukwaju mzito uliochujwa, kijiko kimoja cha haradali, karafuu ya kusaga ncha ya kisu, na pilipili manga. Chemsha kwa moto mdogo mpaka ukizamisha kijiko kitoke kimevaa koti, na ukipitisha kidole mgongoni mwake mstari ubaki wazi. Ukwaju ndio siri yangu: bila kitu kichachu, asali juu ya nyama ya chumvi inachosha mdomo kufikia kipande cha pili. Maji ya kwenye sufuria usiyaingize humo. Ukiyachemsha yakapungua, chumvi inazidi kujikusanya.

Mwenye oveni apake na kuoka kwenye nyuzi 200 kwa dakika 15 hivi, akirudia kupaka mara mbili. Mimi nafanya tunavyooka keki: naweka nyama kwenye sufuria pana kavu, mkaa kidogo sana chini, nafunika, napalia makaa ya moto juu ya mfuniko. Baada ya dakika tano nafunua, napaka tena, nafunika. Duru tatu zinatosha. Ile ya tatu sibanduki hapo. Asali inaanza kutoa mapovu madogo madogo kwenye mistari uliyochora, mapovu yanakuwa ya dhahabu, yanakuwa ya kahawia, na harufu inabadilika kutoka ya ua kuwa ya sukari inayoungua kidogo. Hapo ndipo pa kuondoa makaa. Dakika mbili zaidi zitakupa uchungu. Iache ipumzike robo saa kabla ya kukata.

Jambo moja la mji wetu. Majirani zangu wa pande mbili ni Waislamu, na sikukuu tunapelekeana sahani. Sufuria hii ni ya hemu tu, ina ubao wake na kisu chake, haviingii kwenye vyombo vingine. Pilau na kuku wa majirani hupikwa siku moja kabla, kwa vyombo ambavyo havijawahi kukutana na nguruwe, na mama wa nyumba ya upande wa kulia nimemwonyesha vilipo. Anakula kwangu bila wasiwasi, nami nataka iendelee hivyo.

Kinachobaki kisizidi saa mbili mezani. Kikate, kiingie kwenye friji, kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Mfupa usiutupe. Loweka maharage ya Kigoma usiku, mwaga maji, yachemshe kwenye jiko la kawaida yakitokota kweli kwa dakika 10 nzima, kwa sababu maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo moto wa sufuria ya polepole hauiondoi. Kisha ndiyo yaende kwenye sufuria na mfupa, kitunguu na nyanya, maji yafunike, saa 8 kwa moto mdogo. Chumvi onja mwishoni. Mara nyingi haihitajiki, na mama mkwe huyala na ugali wa muhogo.