Fungua Boksi Siku Hiyo Hiyo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Majengo, Moshi, mwenzetu katika kukusanya maroboti ya midoli, yale yanayokunjwa yakawa gari au ndege. "Shikamoo kaka. Roboti langu limefika. Nilipoligeuza kuwa gari nimeona mstari mweupe pale nyongani, na mkono wa kulia unaning'inia tu, hausimami. Nivumilie au kuna la kufanya? Lile la pili sijalifungua, nataka likae kwenye boksi lake mpaka lipande bei."

Marahaba, mdogo wangu. Tulishaongea kwenye simu, lakini maswali kama yako nayapata mara kwa mara, na kila ninapojibu naona tunarudia maumivu yale yale. Basi niandike. Jibu lenyewe ni fupi: lile la pili lifungue leo. Usilale nalo.

Najua linalotuchanganya. Tunawaona wakusanyaji wa Marekani na Japani wakionyesha boksi la miaka ya themanini ambalo halijaguswa, linauzwa maelfu ya dola, nasi tunatamani. Wote tunaosoma hapa tunaitaka ile rafu ya kioo yenye maroboti yamesimama wima, silaha mkononi, hakuna hata moja lililoegemezwa ukutani. Ila mwenzako wa kule akikuta goti limepasuka anarudi dukani na risiti. Mzigo wako umetoka Uchina, ukapita kwa wakala Kariakoo, ukapakiwa kwenye basi la usiku, ukapokelewa stendi. Kuurudisha kwa njia hiyo hiyo kunaweza kugharimu kuliko roboti lenyewe, na muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Nalisema kwa sababu limenipata. Kuna roboti moja la ndege ya kivita nililolitamani kwa muda mrefu, la kampuni ndogo kati ya zile zinazotengeneza maroboti makubwa ya kifahari bila leseni ya kampuni zinazomiliki jina lake. Bei yake ilikuwa kubwa kwangu, nilijinyima. Lilipofika Arusha nililichukua stendi, nikaenda nalo moja kwa moja nyumbani Sakina, nikafuta meza, nikawasha taa, nikaweka simu kwenye kibanio ikirekodi, ndipo nikakata gundi ya boksi. Hiyo ndiyo desturi yangu na sijawahi kuijutia.

Lilipotoka lilikuwa zuri, sikatai. Rangi imekaa, mabawa yana mistari safi. Nikaanza kukagua. Nilipoinua mikono yote miwili mbele yangu, viganja vikinitazama, vidole gumba vilielekea upande mmoja. Kiwandani walikuwa wamefunga vigasha viwili vya kushoto. Nikageukia nyonga. Pale pini ya chuma inapopita kwenye plastiki ya kijivu palikuwa na ufa mwembamba, umeanzia kwenye tundu na kupanda juu, huuoni mpaka uinamishe roboti taa iupige kwa ubavu. Nilikuwa sijaligeuza hata mara moja. Lilitoka kiwandani limeshapasuka.

Nikamwandikia muuzaji, nikamtumia video nzima pamoja na picha za karibu. Siku zikapita kimya. Kisha akanijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba kama sijaridhika nilirudishe kwa gharama yangu. Yale maneno ya wateja wengine hawajalalamika bado yananichoma. Mtu anaona vidole gumba viwili upande mmoja kwenye video, halafu anakuuliza kwa nini wenzako wamenyamaza! Sikumtukana. Nikarudisha jibu lenye dakika na sekunde ya kila kasoro ndani ya video, nikaomba kigasha sahihi na punguzo kwa ajili ya nyonga. Tulivutana sana. Mwisho alirudisha sehemu ya pesa, na kigasha kikaja baadaye kwenye bahasha ndogo. Rafiki yangu wa Njiro alinunua kwa muuzaji huyo huyo, akaliweka boksi kabatini bila kulifungua. Alipokuja kulifungua akakuta bega limevunjika, na muda wa kulalamika ulishapita. Hakupewa hata pole.

Ndiyo maana nasema tufungue. Na tusidanganyane kwamba boksi linahifadhi kila kitu. Hasbro, kampuni ya midoli ya Marekani, walipoyachukua maroboti ya kampuni ya Takara ya Japani, ya mifululizo ya Diaclone na Micro Change, wakayauza kwa jina la Transformers mwaka 1984, hakuna aliyejua plastiki zile zitakuwaje zikizeeka. Leo tunajua. Kuna plastiki ya rangi ya dhahabu iliyotumika kuanzia mwisho wa miaka ya themanini na kuendelea katika miaka ya tisini, ile yenye chembe zinazometameta ndani kwa ndani. Chembe hizo hazishikamani vizuri na plastiki, kwa hiyo kipande kinadhoofika chenyewe mwaka hadi mwaka. Watu wamefungua boksi ambalo halijawahi kuguswa, wakashika mkono wa roboti, ukameguka kama biskuti. Tairi laini nazo zinaweza kuila plastiki ngumu iliyozigusa kwa miaka mingi, kwa sababu kile kilainishi kilichomo kwenye tairi huhamia upande wa pili. Stika hubanduka. Plastiki nyeupe hugeuka njano, na mwanga wa jua huharakisha. Boksi lililofungwa halizuii kilichoanzia ndani ya plastiki yenyewe.

Sasa kasoro zinatoka wapi? Plastiki huyeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ikitumika sana inachakaa, na kwenye viungo tofauti ya unene wa unywele inatosha: tundu likizidi kidogo mkono unaning'inia, likipungua pini inaibana plastiki mpaka ipasuke. Rangi nayo ina unene. Kipande kikipakwa rangi mahali panaposuguana, kiungo kinakuwa kigumu, unalazimisha, kinavunjika, au kinakwaruzika kila unapogeuza. Baada ya hapo vipande huunganishwa kwa mikono ya watu wanaofanya kazi kwa kasi, na kigasha cha kushoto na cha kulia vinatofautiana kidogo sana. Maroboti yetu yana taabu zaidi ya midoli mingine kwa sababu yanatakiwa kuwa vitu viwili. Kila bawaba iliyoongezwa ili ndege ipendeze ni mahali pengine pa kuvunjika. Plastiki inayopitisha mwanga, ile ya vioo vya gari na vya rubani, huwa dhaifu zaidi ikichomwa pini. Ukiona bawaba ya namna hiyo, igeuze polepole huku umeishika pande zote mbili.

Mstari mweupe wa yule kijana ni alama kwamba plastiki imevutwa kupita uwezo wake. Si lazima iwe imeshapasuka. Ila ukiendelea kugeuza vile vile, itapasuka.

Kwa hiyo ukipokea mzigo, washa kamera kabla ya kukata gundi, na usiizime mpaka umalize. Onyesha anwani iliyobandikwa juu, kisha boksi pande zote. Kabla ya kugeuza chochote linganisha mikono, miguu na nyayo, kushoto na kulia. Angalia kila pini kwa taa ya ubavuni. Tikisa roboti karibu na sikio. Likilia kama njuga kuna kipande kilichoachia ndani. Halafu ndiyo uligeuze, hatua kwa hatua kwa kufuata karatasi ya maelekezo, na penye ugumu usimame. Mara nyingi kuna kipande kingine kilichotakiwa kutangulia.

Na jambo la kwetu huku, ambalo wenzetu wa Dar hawalioni: baridi. Asubuhi za Juni na Julai Arusha ni za koti, na plastiki ikipoa inakuwa ngumu na rahisi kukatika. Roboti lililolala sebuleni usiku kucha usilishike alfajiri na kuanza kulikunja. Liache lipate joto la chumba, au pitisha hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele kwenye kiungo kigumu, mbali kidogo, huku mkono wako ukipima joto.

Kuhusu kutengeneza nina mengi, na niseme wazi kwamba najivunia mikono yangu. Ile nyonga ya ndege niliitengeneza mwenyewe na leo inabeba uzito wote wa roboti. Pini nyingi za chuma zina upande mmoja laini na upande mwingine wenye mikwaruzo iliyochongwa makusudi ili ishike. Unaisukuma kutokea upande ule laini, ili ule wenye mikwaruzo utangulie kutoka. Ukiisukuma kinyume unaipitisha mikwaruzo kwenye plastiki yote na unaumaliza ufa. Nilipoitoa, niliisugua pini kwa msasa laini kabisa, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari, nikipima na kupima mpaka ikaingia bila kulazimisha. Ufa niliutia supa gluu kwa ncha ya sindano, nikaubana, nikauacha ukauke mpaka kesho yake. Tundu lenyewe nililiacha kavu. Gluu ikiingia kwenye tundu umeshafunga kiungo milele.

Kiungo kilicholegea ni rahisi zaidi. Kama ni cha gololi, yaani kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya tundu, kitoe, paka utando mwembamba wa supa gluu juu ya gololi, uache ukauke kabisa nje, ndipo ukirudishe. Kikiwa kigumu mno, punguza kwa msasa. Anza na kidogo, kwa sababu kuongeza ni rahisi kuliko kupunguza. Supa gluu usiisogeze karibu na plastiki inayopitisha mwanga. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao hautoki kwa kitambaa.

Mafuta ya cherehani nawasihi muache. Najua yapo kila nyumba na kila fundi atakwambia uyatie. Plastiki iliyobanwa na pini ikipata mafuta ya namna hiyo inaweza kupasuka haraka zaidi. Tafuta grisi ya silikoni, na ukiikosa, acha kiungo kikavu.

Njano nayo tuiseme. Wapo wanaoitoa kwa haidrojeni peroksaidi, ile inayotumika saluni kupausha nywele, wakiacha kipande juani. Inafanya kazi. Lakini njano inaweza kurudi, na usipopaka sawasawa unabaki na mabaka. Mimi nasema kabati lisitazame dirisha. Ukiwa na kioo kinachopigwa na jua la asubuhi kutoka upande wa Kilimanjaro, mandhari ni nzuri, ila ya kwako wewe, si ya maroboti.

Ndugu zangu, tuache kuwaogopa wauzaji. Kijana akinunua kwa pesa aliyoihangaikia kisha akakuta mguu umepasuka, anaona aibu kuandika, anasema labda ni mimi, labda nimelazimisha. Kama una video, huna cha kuonea aibu. Andika kwa adabu, taja kasoro moja moja, taja unachotaka: kipande, punguzo au pesa yote. Usiseme tu "roboti bovu". Usikubali pia kupelekwa kwenye mazungumzo ya pembeni nje ya mahali uliponunulia, kwa sababu huko ushahidi wako hauna pa kuonekana. Na ukijibiwa vibaya, waambie wenzako. Tunaponyamaza, yule wa nyuma yetu ndiye anaambiwa kwamba wengine hawajalalamika.

Nimalizie na mtumba, maana wengi wetu ndiko tulikoanzia. Kwenye masoko ya Memorial na Kiboriloni pale Moshi bado yapo maroboti yanayotoka kwenye mabelo ya midoli, mengine ya zamani kwelikweli, na muuzaji hajui alichoshika. Kule hakuna video itakayokusaidia, pesa ikitoka imetoka. Fungua kifuniko cha betri kwanza. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, betri ilivuja. Siki kwenye pamba huusafisha, lakini kama vyuma vimeshaliwa, sauti na taa zake usizihesabu. Kagua kila kipande cha rangi ya dhahabu bila kukikunja. Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimeliwa, kuna mtu alishalifungua kwa bisibisi isiyo saizi yake, na huenda ndani kuna springi iliyopotea. La namna hiyo toa bei ya vipuri, kwa kuwa hicho ndicho unachonunua. Mimi huyachukua kwa ajili ya pini na skrubu zake, nazihifadhi kwenye kopo kwa saizi, na mara nyingi pini ninayoitafuta kwa ajili ya roboti jipya naipata humo.