Bodi mama mpya, Linux haishiki mtandao: anza na kerneli

Ndugu wa Mbale, pole sana. Umesema umefunga bodi mama mpya ya B850 na kuweka Ubuntu 24.04, moja ya matoleo ya Linux, kwa flashi uliyoitengeneza mwaka 2024. Picha imekuja vizuri, lakini waya wa intaneti haushiki, Wi-Fi haionekani kabisa, na fundi anakuambia bodi ni mbovu uirudishe dukani. Usiirudishe bado. Bodi hiyo ni nzima, na ushahidi umo katika matokeo ya lspci -nnk, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya kompyuta, uliyoyabandika mwenyewe.

Tazama tena mstari wa kadi ya mtandao. Mwishoni kuna [10ec:8126]. Hiyo 10ec ni Realtek, na 8126 ni chipu yao ya gigabiti 5 kwa sekunde. Chipu iliyokufa isingejitambulisha hivyo. Kinachokosekana ni ule mstari wa chini yake unaoanza na "Kernel driver in use". Yaani Linux imeiona chipu, ila haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Draiva ya Linux ya kadi za Realtek, r8169, ilianza kuijua chipu hiyo (RTL8126) katika toleo la 6.9 la kerneli, kiini cha Linux kinachoongoza vifaa, na Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8. Umekosa kwa hatua moja tu!

Hili watu wanaotoka Windows huwa hawaambiwi, na linaniuma kwa sababu bodi nzima zinarudishwa dukani bure. Kule umezoea kutafuta draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa Linux, draiva nyingi zimo ndani ya kerneli yenyewe, kwa hiyo bodi ikiwa mpya kuliko kerneli yako, dawa ni kupandisha kerneli. Mimi nahudumia kompyuta za duka la uchapaji hapa Nasser Road, Kampala. Bodi mpya ikiletwa, kitu cha kwanza ninachoandika kwenye terminali ni uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli, ndipo niguse mengine.

Utauliza, kerneli nitaipakuaje na mtandao hakuna? Simu inatosha. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB unaopitisha data, si ule wa kuchajia tu, kisha ingia mipangilio ya hotspoti uwashe "USB tethering". Kompyuta itaichukua simu kama kadi ya mtandao bila kudai draiva nyingine. Kama kuna Wi-Fi ya ofisi au ya jirani, unganisha simu nayo kwanza. Simu nyingi zitaipitisha mpaka kwenye kompyuta na bando lako litapona. Si jambo dogo hilo, maana furushi la linux-firmware peke yake kwa Ubuntu 24.04 linakaribia nusu GB. Kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-generic-hwe-24.04 linux-firmware

Tangu toleo la 24.04.3 la Agosti 2025, njia hiyo inakupa kerneli 6.14 au ya juu zaidi. Walio kwenye Debian 12, aina nyingine ya Linux, wako nyuma zaidi, kwenye 6.1. Hao nawashauri wahamie Debian 13, yenye 6.12.

Wi-Fi yako ni kesi tofauti kidogo. Namba 14c3:7925 ni MediaTek, na draiva yake, mt7925e, iliingia kerneli 6.7, kwa hiyo hata hiyo 6.8 ilipaswa kuijua. Hapo nashuku fimuwea, zile faili ambazo draiva huzipakia ndani ya chipu kila inapowashwa. Andika sudo dmesg | grep -i mt7925, uone kerneli imeandika nini kuhusu chipu hiyo. Ukikuta "Direct firmware load" ikifuatiwa na "failed with error -2", basi faili haipo kwenye diski, na linux-firmware mpya ndiyo inayoileta. Ukishaiweka, zima kompyuta kabisa na uchomoe waya wa umeme kwa muda, usiishie kuwasha upya. Chipu za namna hii wakati mwingine hubaki zimeganda mpaka zikose umeme kabisa.

Kuna aliyekushauri upakue msimbo wa r8126, draiva ya Realtek iliyo nje ya kerneli, uujenge mwenyewe. Utafanya kazi, lakini mimi siupendi. Usipoufunga vizuri kwenye DKMS, mfumo unaojenga draiva upya kila kerneli inapobadilika, kerneli ikisasishwa mtandao unapotea tena, na kama Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizotiwa saini, imewashwa, draiva hiyo itakataliwa kwa "Key was rejected by service" mpaka usajili ufunguo wako. Kwa chipu ambayo kerneli tayari inaijua, huo ni mzigo wa bure.

BIOS, programu ya bodi yenyewe inayoanza kabla ya Linux, nayo isasishe, lakini tafadhali usifanye hivyo bila UPS, betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ndipo utakuwa na bodi mbovu kweli.

Sauti uliigusia kidogo tu. Jaribu lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, kwa sababu baadhi ya bodi mpya zina chipu ya sauti ya ALC4080 ambayo imeunganishwa kwa USB, na ukiitafuta kwenye lspci hutaiona. Ikionekana kwenye lsusb lakini tundu la mbele halitoi sauti, tatizo kwa kawaida liko kwenye furushi la mipangilio ya sauti, alsa-ucm-conf, lililopitwa na wakati.

Ukimaliza, bandika uname -r na lspci -nnk upya, pamoja na mistari ya dmesg yenye neno "firmware". Wi-Fi ikibaki kimya, tutaanzia hapo.