Dhambi ya asili haina ukoo

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni kijana wa boda boda hapa Arua. Babu yangu alikunywa mpaka akafa, baba naye pombe ndiyo iliyomzika, na mimi sasa silali bila waragi. Nilibatizwa nikiwa mtoto. Kuna mtumishi ameniambia kwamba dhambi ya asili ndiyo hiyo laana ya ukoo wetu, ubatizo haukuigusa, ila nikipanda mbegu ya shilingi 500,000 ataikata. Je, ni kweli? Na kama ubatizo unaondoa dhambi, mbona niko hivi?

JIBU: Bwana asifiwe sana, ndugu yangu. Hizo hela usizitoe.

Nianze na ubatizo, maana hapo jibu ni fupi. Dhambi ya asili ni ule upotovu ambao wanadamu wote wanazaliwa nao tangu Adamu alipoanguka. Hakuna kanisa la kihistoria lililowahi kufundisha kwamba mtu akitoka majini hatamani tena maovu. Wakatoliki kwenye Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1546, walisema ubatizo huondoa dhambi ya asili, lakini mvuto wa kutenda mabaya hubaki ili tupambane nao. Waanglikana, katika ibara ya 9 ya zile Ibara 39 za imani yao, wanasema upotovu wa asili hukaa hata ndani ya aliyezaliwa mara ya pili. Kwa hiyo kiu yako si ushahidi kwamba ubatizo wako ulikuwa bure.

Sasa hilo la laana ya ukoo. Barua za namna hii zinanifikia kila mara, na zinanikasirisha, si kwa ajili yenu mnaouliza. Mafundisho ya dhambi ya asili, tangu Paulo katika Warumi 5 hadi askofu Augustino alipobishana na Pelagio, aliyekana kwamba tunairithi dhambi ya Adamu, mwanzoni mwa karne ya 5, yanahusu Adamu na wanadamu wote. Hayana kabila wala kijiji. Mlugbara anayo, Muganda anayo, askofu anayo, na huyo mtumishi anayo sawasawa na wewe. Laana iliyo kwenu tu, ambayo kwa jirani haipo, hiyo ameibuni yeye na kuibandika jina la mafundisho ya Kanisa. Na kama dhambi ya asili ingekatwa kwa laki tano, angekuwa ameshajikatia ya kwake.

Najua andiko atakalokusomea: Kutoka 20:5, Mungu anawapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Mwambie aendelee na mstari wa 6, unaosema juu ya rehema kwa maelfu elfu. Kisha afungue Ezekieli 18. Waisraeli walikuwa na methali yao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akaapa kwamba methali hiyo isitumike tena, kwa kuwa mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na Yohana 9, wanafunzi walipouliza nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, Yesu alikataa yote mawili.

Sikatai kwamba pombe hutembea ndani ya familia. Hutembea kwa damu, madaktari wanajua hilo, na hutembea kwa malezi: mtoto anayetumwa kila jioni kumletea baba chupa anajifunza njia ya kwenda baa kabla ya kujua njia ya shule. Hayo ni majeraha ya kweli na yanastahili huruma. Ila huyo mtumishi hakupi huruma, anakuuzia maelezo.

Tazama maelezo yenyewe yanavyofanya kazi. Siku hizi hapa Uganda tunaambiwa mtu haibi, ni pepo la wizi. Mtu hazini, ni pepo la uasherati. Balokole wa kwanza, yaani waliookoka wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, hawakusema hivyo. Tangu daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, na uamsho ukaenea kutoka Gahini kule Rwanda mpaka Kigezi hapa Uganda, mtu alisimama mbele ya wenzake akasema: niliiba, na mali akairudisha kwa mwenyewe. Yesu naye anasema katika Marko 7 kwamba mabaya hutoka moyoni mwa mtu. Asiyemiliki dhambi yake hana cha kutubu, na asiyetubu atabaki mteja wa kudumu wa wakata laana.

Lakini pia usikimbilie upande wa pili ukasema “mimi ni binadamu tu, ndivyo nilivyoumbwa.” Hukuumbwa mlevi. Mwanzo 9:6, baada ya anguko na baada ya gharika, Mungu bado anasema mtu yu katika mfano wake. Ubinadamu wako umejeruhiwa, haujafutwa, na Kristo aliuvaa huohuo.

Nawaambia na wasomaji wengine. Laana ya ukoo lazima itafutiwe mtu wa kulaumiwa. Nimekuta nyumba ambako shangazi mzee alitajwa kwamba ndiye anayelinda madhabahu ya ukoo. Msibani hakuna aliyempa mkono, na sahani yake ilitengwa pembeni. Hakuwa amefanya lolote. Petro alipoletewa fedha na Simoni mchawi, aliyetaka kununua karama ya Mungu, alimjibu: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Leo fedha inaombwa na wanaoshika Biblia.

Wewe nenda hospitali ya rufaa hapo Arua, uulize kitengo cha afya ya akili. Usiache waragi ghafla ukiwa peke yako, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu akikatisha siku moja anaweza kutetemeka, kupata kifafa, hata kufa. Mwambie daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza. Kisha tafuta mchungaji au padre atakayesikia toba yako bila kukutajia bei. Na ninyi mlioshalipa, mkaambiwa laana haikukatika kwa sababu imani ilikuwa ndogo, mbegu ya pili msiitoe.